Ukaguzi wa Ijumaa

Yusra, siku niliyostaafu na kukabidhi funguo za ofisi uliniambia, "Mama, andika basi. Sisi tutajuaje mlikuwa mnafanyaje?" Nikakuahidi, na sasa nimekaa barazani kwangu Mchukwi na sina pa kukimbilia. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nani alinipita, maana hayo yamo kwenye jalada langu na hata mimi yananichosha. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na habari za mtu aliyenifundisha. Wewe unamjua kwa jina tu, kwa sababu jina lake limejaa kwenye historia ya mafaili yetu.

Nilianza kazi nikiwa binti, nina kidato cha nne na kozi fupi ya uchoraji ramani. Ofisi ya upimaji ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya kioo iliyomulikwa taa kwa chini, na paa lililovuja pembe moja tu, kwa bahati nzuri pembe ya bosi. Aliyenipokea alikuwa kijana wa Kihindi, mwembamba, shati limechomekwa vizuri lakini viatu vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Aliitwa Navin. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapo Kibiti barabarani. Nilimwamkia kwa Kiingereza nilichokuwa nimekiandaa tangu nyumbani. Akanijibu kwa Kindengereko, kile cha wazee, na mimi Mndengereko nikashindwa kumjibu vizuri.

"Basi tuseme Kiswahili," akasema, "tusiteseke wote wawili."

Siku ile ile akanikalisha mbele ya kifaa chenye vioo viwili kama miwani iliyosimama kwa miguu, akaweka chini yake picha mbili za ardhi zilizopigwa kutoka kwenye ndege. "Tazama. Usitafute kitu, tazama tu." Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Picha zilikuwa mbili, bapa, za kijivu. Halafu ghafla zikawa moja, na minazi ikainuka ikanijia usoni. Nilirudisha kichwa nyuma nikagonga kabati. Navin alicheka, akaniletea maji, akasema sasa nimeingia kazini.

Miaka iliyofuata tuliishi zaidi nje kuliko ofisini. Vijana mnaotumia droni hamtaamini, lakini mwinuko wa ardhi tuliupima kwa leveli, darubini ndogo juu ya miguu mitatu, na fimbo ndefu yenye vipimo. Mimi nilishika fimbo, yeye alichungulia. Nimesimama na fimbo ile kwenye majaruba ya mpunga, kwenye mikoko maji yakinifika magotini, na huko Mloka ambako tembo waling'oa vigingi vyetu kimoja kimoja usiku na kuvitupa, kana kwamba walikuwa na maoni yao kuhusu mipaka. Delta, pale mto wetu unapogawanyika kuingia baharini, ni mahali pagumu pa kuchora. Mto haukai. Unaacha mkono mmoja ukauke, unafungua mwingine katikati ya shamba la mtu, na ramani uliyoisifu mwaka jana inakuwa hadithi.

Navin alikuwa na desturi moja iliyonikera sana mwanzoni. Kila tulipomaliza kupima, hata kama jua limetuchoma na mashua inatusubiri, tulirudi kupima mpaka kwenye alama ya zege tuliyoanzia. Hesabu ikirudi ilikoanzia, tunakunja vyombo. Isiporudi, tunaanza upya.

"Lakini Bwana Navin, tumepima vizuri," nilimwambia siku moja nikiwa karibu kulia.

"Sijakataa. Nataka kujua, sitaki kudhani."

Hakula nyama wala samaki, na delta nzima ni samaki na kamba. Kila nyumba tuliyofikia walimhurumia. Akina mama walimpikia kunde za nazi na wali, kisha wakaniuliza kando, kwa sauti ya chini, amepatwa na nini. Nilizoea kujibu kwamba ni tumbo. Alipojua alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile popote tulipofika alitangulia kusema, "Mimi ndiye yule mwenye tumbo."

Mume wangu, Seif, alifariki nikiwa bado na watoto wadogo. Mke wa Navin naye alifariki, akamwachia binti mmoja. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo kwa urefu. Aliniambia tu wakati wangu, "Kazi ipo, njoo utakapoweza," na wakati wake mimi nikamwambia hivyo hivyo. Watu walisema maneno, bila shaka. Kibiti ni mji wa barabara moja, maneno hayana mahali pa kupotelea. Lakini yeye alikuwa na dini yake na mimi na yangu, na wote wawili tulikuwa na watoto wa kusomesha.

Kompyuta zilipokuja tulidhani taabu imekwisha. Ndiyo kwanza ilianza. Ramani moja ilikuwa na majina kama mtu anayekimbia polisi: "Delta mwisho", "Delta mwisho kabisa", "Delta mwisho kweli ya Navin". Mtu alirekebisha moja, mwingine akachapisha nyingine. Mwaka mmoja tulipeleka wilayani ramani yenye kijiji ambacho mto ulikuwa umekwisha kukila, na wakazi wake waliohamia ng'ambo walikuja kutuuliza kama tunawarudishia nyumba.

Navin alikwenda kozi mjini, akarudi na mfumo wa kutunza matoleo. Nyie mmeukuta, mnaona ni jambo la kawaida kama mlango. Kwetu ulikuwa maajabu: kila badiliko lina jina la aliyelifanya na sababu yake, na toleo la zamani halipotei. Tatizo likawa mafaili yetu makubwa, picha za droni na ramani za miinuko, ambayo mfumo ule haukuweza kuyabeba. Ndipo tukaanza kuyaweka ghala la pembeni, na mahali pake kwenye mfumo panabaki kielekezi, maandishi ya mistari mitatu tu. Mstari mmoja unasema hiki ni kielekezi, mwingine unataja alama ya faili, wa mwisho unataja ukubwa wake. Bosi mmoja mpya alifungua kielekezi akidhani ni ramani ya wilaya nzima, akaita kikao, akauliza wilaya imekwenda wapi.

Ile alama ndiyo roho ya jambo. Mashine inalisoma faili lote, tangu mwanzo hadi mwisho, inatoa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Badilisha hata chembe moja ndani ya faili, mfululizo unageuka wote. Kwa hiyo kukagua ni hivi: mashine inalisoma faili upya, inatengeneza alama upya, inailinganisha na ile iliyoandikwa kwenye kielekezi. Zikilingana, inasema hali ni shwari. Zisipolingana, inalitaja faili kwa jina na kulitoa ghalani, inaliweka kando kwenye folda ya mabovu.

"Unaona?" Navin aliniambia siku ya kwanza alipoendesha amri ile. "Ni kurudi kwenye alama ya zege."

Alichagua Ijumaa. Wenzetu karibu wote walikuwa Waislamu, na wanaume wakishakwenda msikitini ofisi ilibaki tupu, mtandao mwepesi, hakuna anayefungua mafaili. Mimi niliswali kwenye chumba cha vyombo, halafu nikaja kukaa naye. Mlango tuliuacha wazi. Mashine ilipiga kelele kama mtu anayesaga mahindi mbali, maana mafaili yalikuwa makubwa na kompyuta ilikuwa ya zamani. Yeye alimimina chai ya tangawizi kwenye vikombe viwili vya bati, na tulizungumza mpaka ukaguzi uishe. Tulizungumza nini? Binti yake. Wanangu. Bei ya korosho. Mkono gani wa mto utafunga. Mara nyingine hatukuzungumza chochote. Siku moja mashine ilimaliza, ikaandika kwamba hali ni shwari, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea mpaka tuliposikia wenzetu wakirudi na kelele zao.

Yusra, ukiniuliza ni nini ninachokikumbuka zaidi katika kazi yote ile, ni saa hiyo ya Ijumaa. Wala si kazi ngumu. Unakaa tu, unasubiri mashine.

Yeye pia ndiye aliyetaka tuwe na nakala ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ofisini, ya pili makao makuu mjini, na ya tatu ilikuwa diski tuliyoiweka dukani kwao, ndani ya kabati la chuma la Bi Kanta, mjane wa kaka yake, kwa sababu duka lile halikuwahi kuvuja. Vijana waliona ni woga wa kizee. Kila baada ya muda tulikwenda kuichukua, tunaongeza mapya, tunaikagua, tunairudisha, na Bi Kanta anatulazimisha kula kitu.

Halafu binti yake akapata kazi Uingereza, akajifungua huko, akamwita baba yake. Navin alikataa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili goti lake likawa halimbebi tena kwenye tope, na mtu wa kazi yetu asiyeweza kuingia kwenye tope anabaki kutazama skrini. Aliondoka asubuhi, gari likiwa mbele ya duka, mabegi juu. Ofisi nzima tulikwenda kumuaga. Alimpa kila mtu mkono. Alipofika kwangu akanishika mkono akasema, "Bi Mwanaidi, Ijumaa usisahau."

"Sitasahau," nikasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Gari likaondoka, sisi tukarudi ofisini, na vikombe vya bati vilikuwa bado mezani.

Niliendelea na ukaguzi peke yangu. Baadaye ukaja wewe, ukanisaidia, na nilishukuru, ingawa wewe huwezi kukaa bila simu mkononi. Navin alipiga simu mara moja moja. Aliuliza mafaili yote yamepita? Nikamjibu yote. Akasema vizuri. Simu za mbali hivyo zinakula muda wa mtu na hazikupi unachokitaka.

Sasa nifike kwenye habari ya Kipondo, ambayo uliiona mwenyewe lakini wenzako hawakuiona.

Mwaka ule mto ulijaa kuliko tulivyozoea. Kitongoji cha Kipondo kilikwenda na maji, nyumba na mpunga, na watu wakakimbilia barabarani, wakalala kwenye madarasa ya shule. Ofisi yetu nayo ilifungwa kwa wiki kadhaa. Tulipofungua tulikuta diski ya kompyuta kuu inatoa milio, tukahamishia mafaili kwenye mashine mpya, umeme ukikatika na kurudi kama kibatari kwenye upepo. Wakati huo huo kampuni moja ilipewa kazi ya kugawa viwanja vipya kwa watu wa Kipondo. Mhandisi wao, Gervas, alikuwa kijana mpole na mchapakazi. Alikuja akachukua ramani ya miinuko ya shamba la zamani la mikorosho, pori tupu kwa miaka mingi, karibu na mashamba yao ya mpunga. Wakati wa mafuriko watu wote walikimbilia upande wa barabara, kwa hiyo hakuna aliyeona maji yalifanya nini kule porini. Waliporudi nyasi zilikuwa zimeshafunika kila kitu. Ardhi ile ukiisimamia ni tambarare kama mkeka. Mimi niliwahi kuipita na fimbo yangu miaka mingi iliyopita, na nasema kweli, sikukumbuka chochote.

Vigingi vilikuwa vianze kupigwa Jumatatu. Ijumaa uliendesha ukaguzi, ukaniita.

"Mama, kuna moja halijapita."

Lilikuwa faili la miinuko la lile shamba la mikorosho. Alama haikulingana na kielekezi, na ukubwa wake ulikuwa pungufu. Lilikatika njiani wakati wa kuhamisha, umeme ulipozimika. Tukaomba nakala makao makuu. Wakajibu kielekezi wanacho, lakini faili lenyewe hawalioni. Walikuwa wamehamisha seva yao, na hilo lilibaki nyuma mahali fulani.

Nilimpigia Gervas, akaja mara moja, akakaa pale alipokuwa akikaa Navin. "Ni kweli, lilikuwa na tundu," akasema. "Upande wa chini hapakuwa na data. Nikaliziba kwa kuchukua miinuko ya pembeni. Hilo hufanywa kila siku, mama."

"Najua hufanywa. Tundu lilikuwa na ukubwa gani?"

Akanionyesha. Kwenye ramani yake ardhi ilipita laini, imeinuka vizuri, na juu yake viwanja vimepangwa kwa mistari mizuri, na mahali pa msikiti na pa zahanati. Nusu ya viwanja vilikuwa juu ya kiraka.

"Inawezekana ni sawa," nikamwambia. "Lakini hapa tunadhani."

"Watu wako madarasani, Bi Mwanaidi."

"Nipe siku chache."

Hakukataa, lakini alisema mimi ndiye nikawaambie. Nilikwenda shuleni mchana ule. Mwenyekiti wa Kipondo, Mzee Ngwele, alinisikiliza amesimama mlangoni pa darasa, nyuma yake mama mmoja akibembeleza mtoto juu ya dawati.

"Faili," akasema. "Watu wangu wasubiri kwa sababu ya faili?"

"Ndiyo, mzee. Huenda ardhi ile ni ya chini."

"Huenda! Mimi nimezaliwa hapa, naijua. Pale ni pakavu."

"Umewahi kupaona wakati wa maji makubwa?"

"Hakuna aliyewahi kulala pale," akasema, kisha hasira ikamrudia. "Wewe jioni unakwenda kwako, unafunga mlango. Hawa mlango hawana. Nenda na faili lako."

Nilirudi njia nzima nikijiuliza kama ninawatesa watu kwa sababu ya desturi ya mtu mmoja aliyekwishaondoka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda dukani kwa Bi Kanta. Milango miwili kati ya mitatu ilikuwa imefungwa, rafu tupu, marobota yamefungwa kamba. Mwanawe alikuwa anamhamishia Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kuniaga? Kila mtu ananiaga, na mimi leo siendi popote."

"Nimefuata diski ya Navin."

"Ile nyeusi?" Akageuka kutazama marobota. "Lahaula, wamefungasha kila kitu. Kabati lenyewe limeuzwa."

Bi Kanta aliwaita wafungaji, akawagombeza kwa Kihindi na kwa Kindengereko, marobota yakafunguliwa moja baada ya jingine. Aliikuta yeye mwenyewe, katikati ya jora la kitambaa cha marekani. "Niliizungushia kitambaa isigonge. Mimi mnaniona mzee tu." Juu ya diski kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, na mwandiko wa Navin: *Kibiti, nakala ya tatu*. Herufi zake zimesimama wima, kila moja peke yake, kama alivyoandika kwenye ramani za karatasi. Nilikaa juu ya robota.

Bi Kanta akaniangalia. "Anakupigia?"

"Mara moja moja. Anauliza mafaili."

"Mimi ananiuliza mvua." Akafunga tena kamba ya robota taratibu. "Haya. Mimi mvua, wewe mafaili. Sote hatuulizwi tunachotaka kuulizwa."

Unakumbuka, Yusra, tulivyoichomeka na mashine isiione. Ulibadilisha waya, haikuonekana. Ukabadilisha tena, ukasema "Bismillahi," ikaonekana. Gervas alikuwa amekuja kabla hatujamwita, amesimama nyuma yetu, mikono mfukoni. Tukainakili, tukaendesha ukaguzi wa faili lile moja. Mashine ilisoma na kusoma. Nilimimina chai kwa kuzoea tu, na sikuinywa.

Hali ni shwari, ikaandika. Alama zililingana herufi kwa herufi.

Tulifungua ramani. Pale kwenye kiraka laini cha Gervas kulikuwa na bakuli. Halikuwa na kina kirefu, lilikuwa pana, lenye mteremko wa taratibu, macho ya mtu aliyesimama hayawezi kuliona. Kutoka kwenye bakuli ulitoka mkondo mwembamba wa zamani, uliojaa udongo, ukienda moja kwa moja mtoni. Ungeweka ramani ya viwanja juu yake, zahanati ingekaa katikati ya bakuli.

Gervas aliufuata mkondo ule kwa kidole mpaka mtoni. "Ningewaweka watu humu," akasema.

"Hukuwa nalo faili, baba. Ungefanyaje?"

"Nitakwenda mimi kuwaambia. Wewe usiende tena."

Akaenda. Alitukanwa, najua, na hakunisimulia. Viwanja vikahamishiwa upande wa juu, mbali zaidi na mashamba ya mpunga, na kwa kweli watu walinung'unika sana, kwa sababu umbali ule ni wa kutembea kila siku na jembe begani. Wapo waliosema ofisi imewapa ardhi nzuri ya mikorosho wakubwa. Mzee Ngwele tulikutana sokoni, akapita kama amepita nguzo. Nilikwenda hivyo msimu mzima wa kiangazi, nikijua tu kwamba alama zililingana, na kwamba hilo huwezi kumwonyesha mtu sokoni.

Mvua zilipokuja tena, hazikuwa kubwa kama za mwaka uliopita. Zilikuwa za kawaida. Asubuhi moja simu ikaita, namba siijui.

"Bi Mwanaidi? Ngwele hapa. Njoo uone."

Nilikwenda na pikipiki. Mzee Ngwele alinisubiri kwenye mwinuko wa viwanja vipya, karibu na nyumba yake ambayo ilikuwa na mabati lakini bado haijapigwa lipu. Hakunisalimia. Alinyoosha mkono tu. Kule chini, kwenye shamba la mikorosho, maji yalikuwa yamesimama, mapana, yametulia kabisa, mikorosho michache ikitokeza juu kama watu waliozama mpaka kiunoni. Bata mwitu walikuwa wameshafika. Mto wenyewe ulikuwa mbali, ndani ya kingo zake. Maji yalikuja polepole kupitia ule mkondo wa zamani, bila kelele, bila kumwamsha mtu.

"Jana hapakuwa na kitu," Mzee Ngwele akasema. "Tumeamka hivi."

Tulisimama pale. Watoto walikuwa wakirusha mawe kwenye maji. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Karibu uji, mama," nikaingia kwake nikanywa uji, na habari ya faili haikutajwa tena na mtu yeyote.

Nilipiga picha ya yale maji. Kabla sijapanda pikipiki niliituma kwa Navin, bila maneno, nikijua huko kwao ni mapema mno. Kabla hatujafika barabarani simu ikaita. Nikamwambia dereva asimame.

Hakuanza na mafaili. "Bi Mwanaidi, maji yameingilia upande gani?"

Nikamweleza. Mkondo wa zamani, bakuli, mikorosho, bata. Nilimweleza vyote kwa utaratibu kama tunavyojaza fomu za uwandani, kisha nikaona sitaki kuishia hapo, nikamweleza harufu ya udongo, na uji wa Mzee Ngwele, na jinsi watoto wanavyorusha mawe. Alisikiliza.

"Hapa karibu na kwa binti yangu kuna mto," akasema. "Huwa natembea kando yake asubuhi, goti likikubali. Wameujengea ukuta wa mawe huku na huku. Mwaka mzima unapita pale pale. Nina ramani yake ya miaka mingi iliyopita, Mwanaidi, na ni ile ile. Hakuna cha kupima."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita bila Bi.

"Unaupenda?" nikamuuliza.

"Ni mto mzuri," akasema. "Hauniulizi chochote."

Dereva wa pikipiki alikuwa amezima injini, amekaa pembeni anachezea ufunguo. Malori yalipita. Nilitaka kusema yale maneno niliyokuwa nimeyaandaa siku ile ya mabegi, lakini yalikuwa yamezeeka, hayakufaa tena kwa watu wa umri wetu. Kwa hiyo nilimwambia tu kwamba leo ni Ijumaa.

"Najua," akasema.

Hakukata simu, nami sikukata, tukakaa hivyo, yeye huko kwenye baridi na mimi kando ya barabara ya Kibiti, mpaka chaji ya simu yangu ikaisha.